Ukungu wa Nje, Ukungu wa Ndani: Shajara ya Pilipili Mbuzi, Kabale

Mgahawa wetu uko kando ya barabara ya Kabale kwenda Katuna, mpakani mwa Uganda na Rwanda, na wateja wetu wakubwa ni madereva wa malori yanayotoka Mombasa kupeleka mizigo Kigali. Mtu wa pwani ukimwekea wali na maharage bila pilipili mbuzi, anakula kimya kama yuko matangani. Lakini pilipili hiyo haipapendi kwetu. Tuko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, mchana ni nyuzi 23 au 24, na usiku wa Juni na Julai unashuka hadi 10. Kamulali, ile ndogo ya Waganda, inajikokota uani. Pilipili mbuzi inakaa miezi mitatu haijafika kiwikoni, kisha inatoa maua na kuyaangusha yote. Za sokoni zinakuja na basi zikiwa zimechoka, na bei yake kila wiki ni nyingine.

Basi mwaka huu nazilima ndani, katika stoo iliyo nyuma ya jiko. Naandika hapa nikipata nafasi, na makosa yangu nayaacha yalivyo.

Januari 12

Mbegu nimepewa na mzee mmoja dereva, mtu wa Changamwe. Alinikabidhi pilipili sita nyekundu zilizofungwa kwenye gazeti. "Mwanangu, hizi usizipike. Zizalishe." Nimezipasua nikiwa nimevaa kavera, mfuko wa plastiki, mkononi, mwaka jana nilisahau, kisha nikajipangusa jicho, na hayo sitaki kuyasimulia.

Zimetoka mbegu 60 hivi. Nusu nimeziotesha kwenye vikombe vya plastiki stooni, nusu nimeziweka kwenye rafu ya jikoni, futi nne juu ya sigiri. Hapo kipimajoto nilichochomeka kwenye udongo kinasoma 27 hadi 29 mchana, na usiku 22.

Januari 31

Jikoni, ya kwanza ilichungulia siku ya 11, na leo zimefika 23. Stooni, ambako udongo uko 17 au 18, sifuri. Nazo nimezihamishia jikoni. Pilipili ya jamii hii, Capsicum chinense kwa jina la kitaalamu, asili yake ni nchi za joto za Amerika Kusini, na mbegu yake inataka udongo wa nyuzi 25 hadi 30. Ikiukosa inalala tu, na ikilala muda mrefu kwenye udongo uliolowa inaoza.

Februari 20

Miche 14 iliyo bora imehamia stooni, kila mmoja kwenye ndoo ya rangi ya lita 10 niliyoitoboa chini. Mingine nimegawa.

Chumba chenyewe: mita 3 kwa 2.5, kimo mita 2.4. Ukuta wa matofali, juu mabati, dirisha moja linalotazama mashariki. Chini ya mabati nimetandaza nailoni ili joto lisipande likapotea. Taa mbili za LED za wati 50 kila moja, zinawaka saa moja asubuhi hadi saa tatu usiku. Feni ndogo iliyotolewa kwenye kompyuta mbovu. Na kipimio kidogo nilichonunua Kampala, kinachoonyesha joto na unyevu wa hewa, tena kinakumbuka cha juu na cha chini kabisa tangu ulipokibonyeza mara ya mwisho. Hicho cha kukumbuka ndicho kilichonifanya nikinunue. Usiku mimi nimelala.

Machi 16

Mvua zimeanza. Asubuhi ukifungua mlango wa nyuma huoni hata choo. Ukungu umekaa bondeni kama maziwa kwenye bakuli. Nimeziba kila upenyo wa stoo kwa matambara, dirisha halifunguliwi tena. Hesabu yangu ni hii: pilipili inapenda unyevu wa asilimia 50 hadi 70, nje ni 100, basi nje kubaki nje.

Kipimio leo asubuhi: nyuzi 13.4, unyevu 96. Sielewi. Nimefunga, na unyevu unazidi.

Machi 29

Nailoni inadondosha. Si jasho jepesi, ni matone yanayojipanga kwenye mikunjo, yananenepa, kisha yanaachia. Mche wa ndoo ya tano uko chini ya mkunjo mmoja na kila asubuhi unaoga. Chini ya majani yake kuna vipele vidogo vigumu, ukipitisha kidole ni kama mchanga. Nilidhani ni wadudu, nikaangalia kwa lenzi ya simu, hakuna mdudu. Ni jani lililokunywa maji mengi kuliko linavyoweza kutoa: mizizi inavuta, hewa ya nje ya jani imeshiba, seli zinavimba na kupasuka. Ugonjwa huu hauambukizi, ila jani halirudi kuwa laini.

Jirani yangu, mama wa Kikiga anayeniletea bushera, kinywaji cha mtama, alichungulia akasema, "Funga vizuri, ukungu unaingia." Akaninyooshea kwenye kikonyo kimoja kilichovaa manyoya ya kijivu. "Si huo umeshaingia?"

Nikamwamini. Kiswahili chetu kinauita ukungu ule unaofunika bonde asubuhi, na kinauita ukungu huu unaoota kwenye mkate na kwenye majani, na mimi nikaona ni ndugu, mmoja anamleta mwenzake. Nimeongeza matambara.

Aprili 6

Dereva mmoja kijana, fundi wa majokofu kabla hajaingia kwenye malori, aliniuliza kama kipimio changu nimekijaribu. Kukijaribu vipi? Kwa chumvi, shangazi.

Njia ni hii, na nimeifanya. Chukua kifuniko cha soda, kijaze chumvi ya mezani, tia matone machache ya maji mpaka iwe kama mchanga mbichi, isiyeyuke yote. Kiweke pamoja na kipimio ndani ya chupa ya plastiki ya mdomo mpana, funga kabisa, acha usiku kucha mahali pasipobadilika joto. Hewa iliyofungiwa na chumvi mbichi inatulia kwenye asilimia 75, iwe chumba kina nyuzi 15 au 25. Chumvi ya Katwe, ile ya magadi tunayoijua sana huku magharibi, usiitumie, maana ndani yake kuna chumvi za aina nyingine na namba itakudanganya.

Asubuhi kipimio changu kilisoma 83.

Yaani kinazidisha 8. Mwezi mzima nimepigana na unyevu ambao sehemu yake ilikuwa mdomoni mwa kipimio. Tangu leo kila namba ninayoandika nimeshaitoa 8. Najua kosa huenda si 8 ileile ukishuka hadi 40, lakini ni afadhali kuliko kutojua. Ila hata ukitoa 8, asubuhi bado ni 88, na nailoni haijui kusoma kipimio. Inadondosha tu.

Aprili 27

Maua! Meupe yenye ukijani kidogo, yameinamisha vichwa, mawili matatu kwenye kila kifundo. Nilimwita hadi mume wangu aje kuyaona.

Mei 2

Nimeokota maua 41 sakafuni. Nilisimama mbele ya ndoo ya nane nikiwa na kikombe cha chai nikaona jinsi yanavyoondoka. Kikonyo kinageuka njano kwanza, kuanzia pale kinapoungana na tawi, njano ya mti wa kiberiti. Ua lenyewe bado zima, jeupe. Ukiligusa kwa ukucha tu linaachia, na pale lilipotoka panabaki alama kavu, safi, kama mtu amekata kwa wembe. Mti umefunga mlango wenyewe.

Yasiyoanguka yananata kwenye jani lenye maji, na hapo ndipo manyoya ya kijivu yanapoanzia. Hili nimelihakikisha: ukungu haukuanza kwenye jani zima hata mara moja. Unaanza kwenye ua lililokufa likiwa limelowa, halafu unahamia kwenye jani lililolibeba. Sasa kila jioni naokota.

Cha chini kabisa usiku: 12.8. Pilipili hii ikipigwa na usiku ulio chini ya nyuzi 15 inaangusha maua, na ikipita 32 au zaidi mchana inaangusha pia. Mchana sina shida. Shida yangu ni usiku.

Mei 4

Leo nimepandisha sauti, jambo ambalo silifanyi mara nyingi.

Binti anayenisaidia jikoni alisikia nikilalamikia baridi ya usiku, na kwa wema wake akaingiza sigiri yenye makaa mekundu stooni saa mbili usiku, akafunga mlango. Bahati nilienda kuokota maua. Nilikuwa nimeinama kwa dakika chache tu, kichwa kikaanza kugonga.

"Mama, hayana moshi," akajitetea. Ni kweli hayana moshi, na ndiyo hatari yake. Makaa kwenye chumba kilichozibwa yanatoa kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na inaua watu wanaolala na sigiri ndani kwa ajili ya baridi. Mimi niliyeziba kila tundu kwa matambara ndiye niliyetengeneza mtego. Sigiri stooni ni marufuku, na taa ya mafuta pia. Hii ya pili ina kosa jingine: lita moja ya mafuta ya taa ikiungua inaacha karibu lita moja ya maji hewani.

Usiku huohuo nimeng'oa matambara ya mlangoni.

Mei 11

Mwanangu yuko likizo, anasoma S5, yaani kidato cha tano. Nilimwonyesha daftari. Alikaa na kitabu chake chenye jedwali la mvuke, akanichorea hesabu nyuma ya risiti ya sukari, na sijapata kuona risiti yenye thamani kama ile.

Hewa ya nyuzi 13 ikishiba kabisa inabeba gramu 11 za maji kwa kila mita ya ujazo. Ya nyuzi 23 inabeba gramu 20 na zaidi. Asilimia ya kipimio haisemi maji ni kiasi gani. Inasema hewa imejaa kiasi gani ukilinganisha na uwezo wake kwa joto lile. Hewa ni sufuria, na joto ndilo linaloikuza.

Stoo yangu ina mita za ujazo 18. Saa moja jioni inakuwa nyuzi 23, unyevu 80, yaani gramu 16.5 kila mita. Natia komeo, nalala. Chumba kinapoa hadi 13, sufuria inapungua hadi gramu 11, na hizo 5 zilizozidi kila mita hazina pa kukaa. Mara 18 ni gramu 90 na kitu. Karibu nusu kikombe cha maji, kila usiku, kwenye nailoni yangu. Na hapo hujahesabu kile ambacho miti inatoa. Miti 14 inakunywa lita 2 kwa siku, na karibu yote inarudi hewani kupitia majani.

"Kwa hiyo mama, maji hayaingii kutoka nje," akasema. "Unayafungia wewe mwenyewe."

Nikamwuliza, na ukungu je? Akachukua kalamu tena. Saa tatu asubuhi, bonde bado limefunikwa, nje ni nyuzi 14 na unyevu 100: gramu 12. Stoo wakati huo, taa zimewaka masaa mawili tayari, ni 22 kwa asilimia 82: karibu gramu 16. Ukungu wa Kabale ni mkavu kuliko chumba changu. Ukiuingiza ndani ukaupasha hadi 22, unakuwa hewa ya asilimia 62.

Nilimwambia arudie. Akarudia.

Mei 12

Saa tatu asubuhi, nikafungua dirisha, moshi wa ukungu ukaingia taratibu na kuyeyuka kabla haujafika ndoo ya tatu. Jirani alikuwa uani. Alinitazama kama mtu anayemwona mwenzake akitia petroli kwenye moto. Dakika 15, nikafunga. Joto lilishuka hadi 16. Saa nne lilikuwa 21.5 na unyevu 64.

Nilikuwa naogopa kupoteza joto, lakini hewa ni nyepesi. Kuipasha hewa yote ya stoo nyuzi 8 ni kazi ya yuniti 0.04 za umeme, taa zangu mbili zinailipa kwa chini ya nusu saa. Joto la kweli liko kwenye matofali na kwenye udongo wa ndoo, na hayo hayatoki dirishani.

Jioni nafungua tena, saa kumi na mbili na nusu, dakika 20, kabla chumba hakijaanza kupoa. Huku kufungua kwa jioni ndiko muhimu zaidi. Anayefungua asubuhi tu ameshachelewa, maji yameshaangukia majani usiku kucha.

Mei 17

Siku ya tatu nailoni ni kavu. Kavu kabisa, nimepitisha kiganja. Lakini maua yanaendelea kuanguka, maana cha chini ni 12.5. Kukausha si kupasha.

Mambo mawili nimebadilisha. Kwanza, nimetandaza maboksi yaliyofunguliwa kati ya nailoni na mabati, tabaka tatu. Pili, taima ya taa. Nilikuwa naziwasha saa moja asubuhi hadi saa tatu usiku, kwa sababu mtu anadhani taa ni ya kuongezea mchana. Sasa zinawaka saa tisa usiku hadi saa kumi na moja jioni. Ni masaa 14 yaleyale, yuniti 1.4 zilezile, ila joto la wati 100 linaangukia alfajiri, pale baridi inapouma. Pilipili haijali mwanga uanze saa ngapi mradi giza lake la usiku lipo.

Cha chini kabisa usiku wa kwanza: 14.6.

Mei 24

Madumu. Sijui kwa nini nilichelewa kuyafikiria na nimezungukwa nayo.

Jiko letu la kuni linabaki na moto baada ya chakula cha jioni, na moto huo ulikuwa unakufa bure. Sasa tunatia sufuria kubwa ya maji juu yake, na saa tatu usiku tunajaza madumu mawili ya njano ya lita 20, maji yakiwa nyuzi 50 hivi, ya kuweza kushika kwa kitambo. Yanawekwa sakafuni katikati ya ndoo. Dumu moja likishuka kutoka 50 hadi 20 linaachia joto la yuniti 0.7. Mawili ni kama kuwa na hita ndogo ya wati 140 usiku mzima, bila shilingi.

Usiku wa pili unyevu ulipanda hadi 93 na nikapaniki. Kumbe kifuniko kimoja hakikukazwa, mvuke ulikuwa unatoka kama birika. Tangu hapo nakaza mwenyewe.

Cha chini sasa: 17.4. Unyevu alfajiri: 72.

Juni 8

Ndoo ya pili, ya nane na ya kumi na moja zimeshika. Ua limenyauka lakini kikonyo ni kijani, kinene, kimepinda, na ndani ya ua lililokauka kuna kitu cha kijani kama kichwa cha pini kinachong'aa. Nimehesabu 19.

Nyuki hawaingii stooni, kwa hiyo kila saa tano asubuhi napita nikidonoa tawi kwa kidole mara mbili tatu. Ua la pilipili linajichavusha lenyewe, linataka kutikiswa tu. Zamani nilifanya hivyo saa moja, chavua ikiwa imelowa na kugandamana. Unyevu ukiwa 60 unaona vumbi lenyewe likimwagika kwenye ukucha.

Julai 6

Kiangazi, baridi kali usiku, mchana jua. Nilizoea kufungua dirisha nikasahau kufunga: unyevu 36 mchana, siku nne mfululizo. Majani ya juu yamepauka kwa nukta nukta, na chini kuna utando mwembamba. Utitiri. Huyu anapenda pakavu na joto. Nimeosha majani upande wa chini kwa maji yenye sabuni kidogo, jani kwa jani, kazi ya jioni nzima, na nitarudia baada ya siku tano. Sasa dirisha ni dakika 10 tu, na saa sita namwagia sakafu maji kikombe kimoja. Unyevu 55.

Julai 15

Umeme ulikatika siku mbili. Madumu peke yake, tukaweka manne: 15.2. Maua yaliyoanguka ni 9. Matunda hayakuguswa.

Agosti 30

Yule mzee wa Changamwe alipita leo akirudi kutoka Kigali, lori tupu. Nilimkaribisha ndani hadi stooni kabla hajala. Akavua kofia, miwani yake ikafunikwa mvuke papo hapo, akacheka. "Mwanangu, huku ni Mombasa."

Nimechuma 11 zilizoiva. Moja alikula pale pale na chumvi, akatokwa machozi, akaomba nyingine ya safarini. Nikamwuliza kama ni kali kama ya kwao. Akasema ya kwao ina harufu zaidi. Nadhani amesema kweli. Hizi zimeivia kwenye ubaridi kuliko zilivyozoea, na zimechukua karibu miezi mitatu tangu kushika hadi kuwa nyekundu.

Jirani naye kachukua tatu. Dirisha lake, nimeliona leo asubuhi, lilikuwa wazi na ukungu unaingia.

Usiku wa kuamkia leo: cha chini 17.1, unyevu 70, madumu mawili. Nailoni ya upande wa mlango imelegea, kesho niivute iinamie ukutani. Maua mapya 26.